Mwongozo wa msahaulifu: hatua tisa za kuacha kurudi nyumbani kufuata funguo

Maswali yanayoletwa kuhusu kusahau ni yale yale, awe anauliza mama anayeuza migebuka mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, au mwalimu wa Kasulu. Kwa nini naingia chumbani halafu sijui nilichofuata? Kwa nini dawa naikumbuka nikiwa nimeshafika sokoni Mwanga? Je, ubongo wangu unaharibika? Mwongozo huu unajibu kwa vitendo. Kwa mtu mwenye afya, jibu la swali la tatu karibu kila mara ni hapana. Dalili zinazotakiwa kukupeleka hospitali zipo mwishoni. Zisome hata kama unaruka mengine yote.

Nadharia tunaibana. Kusahau kwa kila siku kuna sura tatu, na dawa ya moja haitibu nyingine:

A. Halikuingia. Uliweka funguo huku unaongea na simu. Mkono uliweka, akili ilikuwa Ujiji. Usijilaumu kwamba umesahau, kwa sababu hukuwahi kujua.

B. Limo, ila halitoki. Jina la mtu liko mdomoni na linagoma kushuka.

C. Halikuja kwa wakati wake. Unajua fika kwamba nyumbani mawese yamekwisha, na ukiulizwa utajibu bila kusita. Lakini ulipopita mbele ya muuza mawese, hakuna kilichokugusa bega.

Wengi wanaosema "nina kichwa kibovu" wanafikiria B. Ukifungua daftari lao baada ya wiki moja unakuta C zimejaa. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini hazikufundishi kukumbuka zaidi. Zinakufundisha kupanga kitu cha nje kikuguse bega mahali na wakati unaotakiwa kutenda.

Kabla hujaanza, andaa hivi

- Kijidaftari kinachoingia mfukoni, na kalamu iliyofungwa kwenye daftari kwa uzi. Kalamu isiyofungwa itapotea kabla ya siku ya tatu.
- Simu yenye alamu. Kitochi kinatosha.
- Msumari wa inchi 3 au ndoano, na bakuli moja lisilo na kazi nyingine.
- Vipande 2 vya boksi gumu na maka peni.
- Mkoba mmoja wa nyaraka wenye zipu.
- Dakika 10 kwa siku, kwa wiki 3 na siku chache.

Usianze hatua zote siku moja. Wiki ya kwanza ni ya hatua ya 1 peke yake; baada ya hapo ongeza hatua moja kila siku mbili. Anayeanza na zote tisa Jumatatu, Alhamisi anakuwa ameziacha zote tisa.

Hatua ya 1. Siku 7 za kuandika bila kurekebisha chochote

Kila unapogundua umesahau, andika papo hapo vitu vinne: muda, nilichosahau, nilikuwa nafanya nini, na herufi A, B au C. Mstari mmoja unatosha:

Jumatatu saa 2 asubuhi. Kadi ya kliniki imebaki nyumbani. Nilikuwa namvalisha mtoto huku naongea na jirani dirishani. C.

Jumatatu saa 10 jioni. Kisu hakionekani. Niliitwa nje nikiwa nacho mkononi. A.

Jumanne saa 5. Jina la mjumbe wa Gungu. B.

Kosa la wengi ni kusubiri waandike usiku. Usiku utakuwa umeshasahau ulivyosahau, na yatakayobaki ni yale mawili yaliyokuletea ugomvi. Daftari likae mwilini.

Siku ya nane hesabu herufi. A zikizidi, anza na hatua ya 2. C zikizidi, nenda hatua ya 3 mpaka ya 7. B zikizidi, ruka hadi ya 8. Kisha soma ile safu ya "nilikuwa nafanya nini" kutoka juu hadi chini. Kama neno "simu" linajirudia, umeshapata nusu ya jibu.

Hatua ya 2. Kila kitu kiwe na pahali pamoja tu

Gonga msumari nyuma ya mlango wa kutokea, kimo cha bega. Hapo ni funguo tu. Bakuli likae karibu na hapo: miwani, pochi, simu ikiwa haitumiki. Sheria ni moja, mkono hauachii funguo mpaka zifike msumarini. Usiweke mezani "kwa dakika moja tu". Meza ndiyo makaburi ya funguo.

Ukilazimika kuweka kitu pasipo pake, sema kwa sauti ulichofanya: "Kisu nimeweka juu ya ndoo ya maji." Watoto watacheka, waache. Kusema kunailazimisha akili iwepo kwa sekunde mbili, na sekunde mbili hizo ndizo zilizokosekana.

Onyo kubwa la hatua hii ni "mahali pa salama". Hati ya kiwanja, vyeti, kitambulisho cha taifa, hela ya ada: tunavificha pahali ambapo hakuna mtu angefikiria. Tatizo ni kwamba siku ya kuvitafuta, wewe nawe ni huyo mtu asiyefikiria. Pahali pa ajabu hapana uhusiano wowote na kitu chenyewe, kwa hiyo kitu hakikupeleki pale. Nyaraka zote ziingie kwenye mkoba mmoja wa zipu, na mtu mmoja zaidi nyumbani ajue ulipo.

Hatua ya 3. Funga kila nia kwenye -ki-

Hapa ndipo penye faida kuliko hatua zote, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Ahadi ya kawaida ni "kesho lazima nimpelekee shangazi hela". Nia ni njema, ila haijui iamke saa ngapi wala wapi. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 dawa yake: funga nia kwenye tukio utakalokutana nalo, kwa mpango wa likitokea hili, nafanya lile. Ukishafunga hivyo, tukio lenyewe ndilo linalokukumbusha na wewe hubebi mzigo siku nzima. Kiswahili kimeshatupa kifungio hicho ndani ya kitenzi: niki…, nita….

- Nikishuka kwenye gari Mwanga, kabla sijavuka barabara nitaingia duka la dawa.
- Nikisikia adhana ya alasiri, nitaloweka maharage ya kesho.
- Nikimaliza kumwamkia shangazi, kabla sijakaa nitampa bahasha.
- Nikichomoa simu kwenye chaji asubuhi, nitameza kidonge cha presha.

Tukio zuri lina sifa tatu. Lazima litokee siku hiyo. Lionekane au lisikike bila wewe kulitafuta. Na liwe jirani na kitendo, hatua chache tu. Adhana, kengele ya kanisa na taarifa ya habari ya saa 2 usiku ni nzuri kwa sababu zinakufuata ulipo, wakati saa ya ukutani inasubiri uitazame. Honi ya treni haifai, maana haiji kila siku.

Sasa angalia yasiyofaa. "Nikipata nafasi" si tukio, hakuna nafasi iliyowahi kubisha hodi. "Jioni" haina sauti. "Nikirudi" ni barabara nzima. Unarudi kuanzia kituoni, au kuanzia mlangoni pako? Badilisha: "Nikifika kwa fundi viatu wa kona, nitanunua mkaa."

Kulipanda -ki- lako kunachukua dakika moja. Liandike. Liseme kwa sauti mara 3. Fumba macho sekunde 10 uone mahali penyewe: barabara, rangi ya duka, mkono wako ukitoa hela. Usipitishe matatu kwa siku, na tukio moja lisibebe mambo mawili, kwa kuwa la pili ndilo litakaloanguka.

Hatua ya 4. Weka kitu njiani pako

Mtungi wa gesi umeisha? Usiuandike, uegemeze kwenye mlango wa kutokea. Unatakiwa kurudisha sahani ya jirani? Iweke juu ya viatu vyako. Kitu kikiwa kimekaa juu ya kitu ambacho huwezi kutoka bila kukigusa, kazi imekwisha.

Bibi zetu walifunga fundo kwenye ncha ya kanga. Njia ni nzuri, ila ina kasoro yake inayojulikana: fundo linasema "kuna jambo", halisemi jambo gani. Fungia humo kitu kinachosema, mathalani kifuniko cha chupa ya mafuta ukiwa unatakiwa kununua mafuta.

Karatasi ya ukutani nayo ina uhai mfupi. Siku mbili tatu za kwanza unaiona, baadaye inakuwa ukuta. Jaribu sasa hivi kuchora sarafu ya shilingi 200 bila kuitazama: kichwa kinaangalia upande gani, maandishi yako wapi? Raymond Nickerson na Marilyn Adams walifanya jaribio la namna hiyo Marekani kwa sarafu ya senti moja, wakachapisha mwaka 1979. Watu walioishika maisha yao yote walishindwa kuichora sawasawa. Kuona kila siku si kutazama. Kwa hiyo karatasi ya kikumbusho iandikwe siku ya kazi yake, ibandikwe usawa wa macho mlangoni, itolewe kazi ikiisha. Ukiiacha, inakufundisha kupuuza karatasi.

Hatua ya 5. Tega alamu kwa saa sahihi

Hapa kuna mtego wetu wenyewe. Sisi tunahesabu saa toka jua linapochomoza, simu inahesabu toka usiku wa manane. Mtu anaambiwa "kliniki saa 1 asubuhi", anatega 01:00, anaamka gizani, anaizima kwa hasira, na asubuhi analala mpaka saa 3. Kanuni ni hii:

- Saa za mchana, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni: jumlisha 6. Saa 1 asubuhi ni 07:00, saa 10 jioni ni 16:00.
- Saa za usiku, kuanzia saa 1 usiku hadi saa 12 alfajiri: jumlisha 18, na ikifika 24 au kuzidi, toa 24. Saa 2 usiku ni 20:00. Saa 10 alfajiri ni 28, toa 24, yaani 04:00.

Simu ikiwa ya saa 12, yenye AM na PM, nenda kwenye mipangilio uiweke kwenye saa 24. Makosa mengi ya alamu yanaishia hapo.

Siku nayo inateleza. Kwa wazee wengi wa Ujiji "usiku wa Ijumaa" ni Alhamisi baada ya magharibi. Kwa simu Ijumaa inaanza saa 6 usiku. Ukialikwa shughuli ya usiku, uliza "ni usiku wa kuamkia lini?" kabla hujatega.

Alamu ipe jina lenye kitenzi: "MEZA DAWA", "TOA SUFURIA", si "dawa" wala "alamu 3". Itege ilie mahali ambapo unaweza kutenda. Alamu ya kumwagilia mchicha ikilia ukiwa kwenye bodaboda ni kelele tu. Kwa safari tega mbili: ya kwanza dakika 45 kabla ya kutoka iseme "PANGA MZIGO", ya pili iseme "TOKA". Na usiizime mpaka mkono wako umeshagusa kile kitu. Kuzima kwanza na kwenda baadaye ndiko kunakoua alamu nyingi, kwa sababu akili inahesabu kuzima kama kutenda.

Hatua ya 6. Dawa: weka alama, usitegemee kumbukumbu

"Nimemeza au bado?" ni swali la watu wenye akili timamu. Kitendo kinachofanana kila siku hakiachi picha ya peke yake. Kumeza kwa leo na kwa jana vinafanana kama punje mbili za mchele. Huwezi kuvitofautisha kwa kufikiri sana. Unahitaji alama.

Chukua mfano wa mseto wa malaria, ambao kwa kawaida hunywewa mara 6 kwa siku 3. Dozi ya pili inakuja saa 8 baada ya ya kwanza, zinazofuata ni asubuhi na jioni. Ukianza saa 2 asubuhi, chora kwenye boksi lake visanduku sita:

Siku ya 1: saa 2 asubuhi ☐ saa 10 jioni ☐
Siku ya 2: saa 2 asubuhi ☐ saa 2 usiku ☐
Siku ya 3: saa 2 asubuhi ☐ saa 2 usiku ☐

Idadi ya vidonge kila mara fuata ile uliyoandikiwa, na kunywa baada ya kula. Weka tiki baada ya kumeza, kamwe si kabla. Dozi zinazosahaulika hasa ni hizi: ya pili, kwa kuwa muda wake haufanani na nyingine, na za siku ya tatu, kwa kuwa homa imeshashuka na mwili hauna tena cha kukukumbusha. Hizo tegea alamu hata kama nyingine hukutegea.

Kwa vidonge vya kila siku vya presha au sukari, geuza chupa juu chini ukishameza asubuhi, na usiku kabla ya kulala uirudishe wima. Ukikuta imesimama wima mchana, bado. Na kama huna alama na huna uhakika, usimeze ya pili kwa kubahatisha. Uliza kwa aliyekupa dawa.

Hatua ya 7. Orodha ya kusomwa kwa sauti

Hii ni kwa kazi zenye vitu vingi ambapo kimoja kikikosekana gharama ni kubwa: safari, mapishi ya shughuli, na hasa kutoka ziwani usiku.

Tarehe 30 Oktoba 1935 ndege mpya ya Boeing, Model 299, ilianguka Dayton, Ohio, Marekani, ilipokuwa kwenye majaribio. Ndege haikuwa mbovu wala rubani hakuwa mgeni wa kazi. Kifungio kinachozuia usukani wa mkia usicheze ndege ikiwa imeegeshwa kilisahaulika bila kufunguliwa. Waliofuata hawakutafuta marubani wenye kumbukumbu kali zaidi. Waliandika orodha. Uzoefu haukingi jambo hili. Kadiri unavyoizoea kazi ndivyo mkono unavyotangulia na akili kubaki nyuma.

Kwa boti ya dagaa, andika kwenye boksi gumu kwa maka peni, ulifunike kwa nailoni, ulitundike:

1. Petroli imechanganywa oili, na dumu la akiba lipo.
2. Plagi ya akiba na spana yake.
3. Taa zote zimewashwa kujaribiwa, betri zimechajiwa.
4. Maboya ya kuvaa, moja kwa kila mtu. Hesabu watu, kisha hesabu maboya.
5. Kamba na nanga.
6. Kopo la kuchotea maji.
7. Simu imejaa chaji, imefungwa isiingie maji.
8. Mtu wa nchi kavu ameambiwa tunaelekea wapi na tunarudi lini.

Mmoja anasoma, mwingine anagusa kitu na kujibu "ipo". Kugusa ni lazima. Mtu anayejibu akiwa amekaa anajibu kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ndiyo tuliyokwisha kusema isitegemewe. Orodha isizidi vitu 9 au 10. Ikizidi, watu wanaanza kuisoma kwa kuimba. Kila mara kitu kipya kinaposahaulika ziwani, kinaandikwa, na kisichowahi kusahaulika kinafutwa.

Hatua ya 8. Namba na majina

Namba kwanza. Kichwa hubeba kwa wakati mmoja vitu vichache mno. George Miller mwaka 1956 alizungumzia saba, kuongeza au kupunguza viwili. Nelson Cowan mwaka 2001 alishusha hadi karibu vinne. Tokeni ya umeme ya LUKU ina tarakimu 20, ndiyo maana huja nne nne. Isome hivyo hivyo: nne, bonyeza, nne, bonyeza. Usimruhusu mtu akusalimie katikati. Lloyd na Margaret Peterson walionyesha mwaka 1959 kwamba herufi tatu tu, mtu akizuiwa kuzirudia moyoni kwa kupewa hesabu za kufanya, nyingi hupotea ndani ya sekunde 18.

Namba unayotaka ibaki moja kwa moja, kama ya simu ya mwenzako siku simu ikizima, usiisome mara hamsini. Jiulize. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe na kuchapisha mwaka 1885, aliona kwamba tunapoteza haraka zaidi katika saa na siku ya kwanza, kisha kasi hupungua. Kwa hiyo ifunike namba na ujaribu kuitaja baada ya dakika 1, dakika 10, kabla ya kulala, kesho yake, halafu baada ya siku 3 na baada ya wiki. Ukikwama, fungua, tazama, anza tena. Kuitoa kichwani ndiko kunakoikaza; kuitazama tu kunakupa hisia ya kujua, basi.

Majina ni magumu kwa haki. Mtu akikuambia ni mvuvi, unaona boti, nyavu, unasikia harufu ya dagaa. Akikuambia anaitwa Juma, huoni kitu. Fanya hivi:

- Tumia urefu wa salamu zetu. Shikamoo, habari za nyumbani, za watoto, za kazi: ni nusu dakika nzima. Jina litaje ndani yake mara 2: "Za siku nyingi, mzee Juma?"
- Lifunge kwenye kitu cha usoni au cha kazi yake.
- Jiulize jina hilo baada ya dakika 10, ukiwa peke yako.
- Likikupita, omba mapema: "Samahani mama, jina lako limenipita." Dakika ya tatu ni heshima, mwaka wa tatu ni aibu.

Jina la mtoto linasaidia, lakini mtaa mmoja unaweza kuwa na akina Mama Neema watatu. Andika kwenye simu "Mama Neema wa mawese Katubuka".

Neno likigoma mdomoni, usilisukume zaidi ya dakika moja. Pitia silabi: ba, cha, da… Roger Brown na David McNeill walionyesha mwaka 1966 kwamba mtu aliyekwama hivyo mara nyingi anaijua herufi ya kwanza au idadi ya silabi. Lisipotoka, fanya jambo jingine. Litakuja ukiwa unaosha vyombo.

Hatua ya 9. Kikao cha dakika 10 kwa wiki

Siku moja, saa moja, kila wiki. Fungua daftari na kalenda, angalia siku 7 zijazo: marejesho ya kikoba, tarehe ya kliniki, michango ya harusi, kikao cha shule. Kila moja ipewe -ki- yake au alamu yake papo hapo. Ambayo haina hata kimoja, ihesabu kuwa imeshasahaulika.

Ikikwama

*Naingia chumbani nasahau nilichofuata.* Gabriel Radvansky na wenzake wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, walieleza mwaka 2011 kwamba kupita mlangoni kunafunga ukurasa mmoja wa akili na kufungua mwingine. Majaribio ya baadaye hayakuona jambo hilo kila mara; hutokea zaidi kichwa kikiwa kimebeba mengi. Taja kitu unapoinuka, "mkasi, mkasi", na ukikwama rudi ulipokuwa umekaa.

*Daftari lenyewe nalisahau.* Halina pahali pake. Rudi hatua ya 2.

*Alamu inalia, naizima, nasahau.* Simu iko karibu sana na mkono. Iweke juu ya kile kitu: kwenye dawa, au kando ya jiko.

*Nakumbuka, lakini nikiwa pengine.* Hiyo ni bahati, itumie. Jitumie ujumbe au mpigie mtu wa nyumbani papo hapo. Usiseme "nikifika".

*Narudi mara tatu kuangalia kama nimefunga mlango.* Kurudia rudia kunazidisha shaka, maana kila ukaguzi unachanganyika na uliopita. Kagua mara moja, ukitaja siku: "Jumanne, nimefunga." Kisha ondoka. Kama shaka inakula saa nzima ya siku yako, zungumza na mtaalamu wa afya ya akili.

*Nilikuwa sawa, mwezi huu kila kitu kinanitoka.* Angalia usingizi kwanza. Mtu mzima anahitaji saa 7 hadi 9, na anayevua usiku anatakiwa azipate mchana, chumba kikiwa na giza. Kisha angalia pombe, msiba, deni, mtoto mchanga. Angalia pia vidonge vya mafua na mzio vinavyoleta usingizi, kama piritoni. Hivyo hupunguza umakini, na watu huvinywa kwa wiki nzima bila kuvihesabu kuwa dawa.

Wakati wa kwenda hospitali

Kusahau ulipoweka funguo ni kawaida. Kushika funguo na kutojua ni za nini si kawaida. Nenda kituo cha afya, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni kama uko mjini, ukiona dalili hizi kwako au kwa mtu wa nyumbani: kuuliza swali lile lile ndani ya dakika chache, kupotea kwenye njia ya kila siku, kushindwa kuhesabu chenji au kupika chakula alichopika miaka yote, tabia kubadilika. Kwa wazee msiseme "ni uzee tu", wala msitafute aliyeroga. Baadhi ya vyanzo vinatibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, sonona.

Usisubiri hata siku moja ikiwa kuchanganyikiwa kumekuja ghafla, kuna homa kali, degedege, kichwa kimegongwa, mdomo umepinda, mkono mmoja umelegea au maneno yanakokota.

Mnapokwenda, bebeni daftari la siku 7 na vidonge vyote mgonjwa anavyotumia, vikiwa kwenye maboksi yake. Aende na mtu anayeishi naye, kwa sababu daktari atauliza amesahau nini, na hilo mgonjwa mwenyewe hawezi kulisimulia.